Ganda Limesimama Dirishani

Tarehe 2

Mvua imeanza leo. Daftari hili kaninunulia mkwe wangu, mke wa mwanangu. Kaniambia, baba, kama hutaki kuongea na sisi basi andika. Nikamwambia mimi nilisoma madarasa matatu, na yote matatu nilikaa karibu na mlango. Akasema matatu yanatosha. Haya, naandika. Herufi zangu ni kubwa, zinaanza mstari mmoja na kwenda kupumzika kwenye mwingine, lakini zinasomeka.

Nijieleze, anayesoma asije akadhani ni babu wa kuota jua. Mimi ni fundi wa silaha wa kampuni ya ulinzi. Bastola zote za walinzi, wa benki, wa maduka, wa magari ya fedha, zinapita kwangu. Chumba changu kiko nyuma ya ofisi, mlango wa chuma, ufunguo mmoja, na ufunguo huo uko shingoni mwangu. Nina jiliwa la kubania vyuma, tupa za kila namna, koleo, brashi, na pipa la mchanga la kupigia risasi za majaribio. Hakuna bastola iliyowahi kunishinda. Mabosi wamekuja wamekwenda, mimi nipo.

Nina sheria yangu ambayo sikuandikiwa na mtu. Bastola haitoki chumbani kwangu mpaka imalize magazini nzima ndani ya mkono wangu huu wa kulia. Ikikubali mkononi kwangu, itakubali popote.

Mke wangu alifariki kiangazi kilichopita. Watu walikuja, wakakaa, wakaniuliza inauma? Nikawaambia hainiumi kitu. Wakatazamana. Lakini ndiyo kweli, sikusikia kitu. Mpaka leo sisikii.

Basi. Vidole vimechoka.

Tarehe 3

Mvua. Chai. Kulala.

Tarehe 5

Mvua zikianza, bastola zote zinaletwa kwangu kusafishwa na kupakwa mafuta, maana unyevu hauna adabu kwa chuma. Nimeanza na ya mkwe. Yeye ni mlinzi wa benki, anasimama mlangoni na bastola kiunoni. Mwanangu anaendesha malori ya mbali, leo yuko huku kesho yuko kule, akikumbuka kutuma kitu anatuma. Nyumba, na wajukuu wangu ndani yake, inasimama kwa kazi ya huyu mwanamke na kazi yangu.

Nimeifungua, nikaisugua, nikaipaka mafuta, nikaielekeza kwenye pipa. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu ganda halikuruka. Limesimama wima kwenye dirisha la bastola, limebanwa na chuma cha juu, kama jirani anayechungulia ugomvi.

Anayesoma aelewe. Bastola ikipiga, chuma cha juu kinarudi nyuma kwa nguvu ya risasi yenyewe. Kinatoka na ganda tupu, kinalitupa nje kupitia dirishani, halafu springi inakirudisha mbele na risasi mpya. Ganda likigoma kutoka, huna bastola tena, una jiwe la kurusha.

Nimelitoa kwa kidole nikaendelea. Limesimama tena. Na tena.

Kesho nitaishughulikia. Itanijua.

Tarehe 6

Ndani ya bastola kuna kikucha kidogo kinachong'ata ganda na kulivuta. Nimekikuta na masizi chini yake. Nikasema nimekukamata. Nimekichokoa, nimekirudisha, nimepiga. Ganda limesimama. Nimeweka kikucha kipya kutoka kwenye akiba. Nimepiga. Limesimama.

Mkono wa kulia uliamka umekufa ganzi. Nimeulalia. Tangu kitanda kiwe cha mtu mmoja sijui nikae upande gani.

Tarehe 8

Kuna kichuma kingine ambacho kazi yake ni kulipiga ganda teke likirudi nyuma. Nimekibadilisha. Teke jipya, ganda lile lile.

Tarehe 9

Leo nimewaambia kosa ni la risasi. Bosi alikuja chumbani na tai yake. Ni kijana rika la mwanangu wa mwisho, anaongea polepole kama anayembembeleza mgonjwa. Mzee wangu, kuna shida? Nikamwambia shida ni risasi mnazoleta, hazina nguvu, haziwezi kusukuma chuma mpaka mwisho. Hakubisha. Kaniletea boksi lingine, la zamani, lile nililokuwa nalisifu mwenyewe. Ganda limesimama palepale.

Akapita Sajini. Huyu ni mstaafu wa jeshi, anawafundisha walinzi wetu shabaha. Ana tumbo linalotangulia kuingia mlangoni, na mdomo unaofuata nyuma hauna breki. Tumeanza kutaniana tangu nywele zetu zikiwa nyeusi. Sijawahi kumwona kuwa mtu wa maana, lakini hanichoshi. Aliikamata ile bastola bila kuniuliza, akamaliza magazini kwenye pipa. Maganda yote yakaruka, yakagonga ukuta, yakatawanyika sakafuni.

"Haina ugonjwa hii," akasema. "Imekukataa wewe tu, kama wasichana wa enzi zetu."

Nikamwambia wasichana wa enzi zetu hawakunikataa, akawaulize walio hai. Akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilimwambia ni bahati. Bastola mbovu inaweza kuvumilia magazini moja mbele ya mgeni.

Akatoka. Nikapiga mimi. Limesimama.

Tarehe 10

Mvua haikukatika kutwa. Bati linavuja juu ya kabati la marehemu. Nimeweka sufuria.

Tarehe 12

Kikombe kimeniponyoka mezani. Mkwe akaniangalia. Nikasema kilikuwa na maji, kinateleza. Kikombe kilikuwa kikavu, tuliona wote, lakini yeye ana heshima, akafagia.

Halafu akaanza. Baba, mkono huo twende hospitali. Nikamwambia mkono huu ulifungua bastola zilizoungua moto, ulitoa risasi iliyokwama kwenye mtutu mbele ya maofisa wawili walioshindwa, hauhitaji hospitali, unahitaji kuachwa. Akasema mama angekuwepo ungeenda. Akanifunga kifungo cha juu cha shati, maana nilikuwa nahangaika nacho. Vifungo vya siku hizi vinatengenezwa vidogo makusudi.

Mwanangu alipomleta huyu nilisema mwanamke gani wa kubeba bastola, atatushinda. Mke wangu akanijibu, mbona bastola unazibeba wewe na hujatushinda. Sijui kwa nini nimeliandika hilo.

Tarehe 13

Hakuna.

Tarehe 14

Hakuna. Sajini kasafiri, kaenda kufundisha tawi lingine. Kumetulia.

Tarehe 16

Nimeikamata. Leo naandika kurasa.

Nililala nikiwaza, nikaamka na jibu. Ni springi. Springi hizi ni za mwaka huu, zimekuja ngumu mno. Risasi inasukuma chuma cha juu kirudi, springi inakikatalia, chuma hakifiki mwisho wa safari, ganda linakosa nafasi ya kuruka, mlango unafungwa likiwa kizingitini. Wazi kabisa. Akili kama hiyo huipati shuleni, na mimi sikuipata, nilizaliwa nayo.

Nimeitoa springi nikaibana kwenye jiliwa. Nimekata pete moja kwa koleo. Koleo lilinisumbua kidogo, nimelibana kwa mikono miwili, na siku hizi vyuma vya koleo havina ubora. Nimeirudisha springi, nikapiga. Ganda moja tu ndilo lililosimama. Nimekata pete ya pili. Nikapiga magazini nzima.

Yakaruka yote.

Nimepiga nyingine. Yakaruka yote. Nimekaa kwenye kiti changu nikayaangalia sakafuni. Miaka yote nikikaa hivi baada ya kazi kubwa kifua kinajaa, natamani mtu apite nimsimulie. Leo nilikaa tu. Mvua inapiga bati. Nikajiambia furahi basi, umeishinda. Nikangoja furaha, haikuja, nikaokota maganda.

Jioni nimemkabidhi mkwe bastola yake. Nimemwambia hii sasa ni laini kama siagi, hata mtoto anaivuta. Akakivuta chuma cha juu, akasema kweli baba, imekuwa laini. Akaniuliza, si itakuwa laini mno? Nikamwambia wewe simama mlangoni, ufundi niachie. Akasema ahsante baba.

Tarehe 18

Bastola ya mlinzi wa duka la vito, ganda limesimama. Ya dereva wa gari la fedha, ganda limesimama. Nikamwambia Bosi shehena nzima ya springi ni mbovu, bahati yenu mnaye mtu wa kugundua. Bosi akaandika kwenye simu yake. Nimezikata zote mbili. Sasa zinaruka.

Tarehe 19

Nyingine. Nimekata. Inaruka.

Tarehe 21

Mvua imebeba ukuta wa choo cha jirani. Watu wamecheka siku nzima. Mkwe alinisimulia nikasema aha.

Tarehe 23

Leo marehemu angetimiza umri fulani, mkwe ndiye aliyekumbuka. Aliweka kikombe chake mezani, hakuweka kitu ndani. Tukanywa chai. Nilikiangalia kikombe kile nikasubiri, nikaona ni kikombe.

Tarehe 27

Mkwe karudi mchana akiwa kalowa, goti limechubuka, kofia hana. Kakaa jikoni bila kuvua viatu. Kanisimulia kwa utaratibu, kama anamsomea mtu.

Alikuwa mlangoni mwa benki tangu asubuhi, kwenye mvua, maana kibanda cha pale kinafunika kichwa tu, kiuno chote kinapigwa na maji. Mteja mmoja, mama mtu mzima, akatoka na mkoba. Wakamvaa wawili. Mmoja akamkaba, mwingine ana panga. Mkwe akatoa bastola, akapiga moja juu kama walivyofundishwa. Yule aliyekaba akakimbia. Mwenye panga akageuka kumkabili. Mkwe akamwelekezea, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Akaangalia bastola. Ganda la kwanza lilikuwa limeruka vizuri, lakini chuma cha juu hakikurudi mpaka mwisho. Kilikuwa kimesimama njiani, risasi mpya imeingia nusu, nusu iko nje.

"Yule mtu aliiangalia bastola yangu, baba," akasema. "Akaelewa. Hata hakukimbia. Akanijia taratibu akanisukuma kwa kiganja, nikaanguka kwenye maji, akachukua mkoba akaondoka anatembea."

Nikamuuliza, panga? Akasema panga lilikuwa mkono wa pili, hakulitumia, sijui kwa nini. Akarudia, sijui kwa nini. Halafu akavua viatu, akamwaga maji yaliyokuwamo, akainuka kuwasha jiko.

Nimekaa hapa nikitafuta ninachosikia. Huyu angeweza kuletwa nyumbani kafunikwa shuka. Nimeliandika hivyo ili nilione. Nimeliona. Moyo umelala tu.

Tarehe 28

Bosi kanipa ile bastola. Kuna kikao kesho. Benki imelalamika, inataka kujua ni silaha au ni mtu. Ikiwa ni silaha, kampuni itajieleza. Ikiwa ni mtu, mtu anaondoka. Bosi kasema tutakusikiliza wewe, mzee wangu, neno lako ndilo.

Ndilo, hilo najua.

Tarehe 29

Tulikuwa watatu chumbani kwangu, Bosi, mkwe na mimi. Nilifanya kazi kwa utaratibu wangu, bila haraka. Nikaifungua bastola. Ilikuwa na maji na mchanga wa barabarani. Nikaifuta sehemu zote, nikaikausha, nikaipaka mafuta mapya, maana mimi sipigi bastola chafu, hiyo ni aibu ya fundi. Nikajaza magazini. Nikapiga kwenye pipa mpaka ikaisha. Yote yakaruka, chuma kikafunga kila mara. Nikajaza tena. Vilevile.

Bosi akaniuliza, kwa hiyo? Nikasema bastola ni nzima. Nilisema nilichokiona kwa macho yangu.

Akauliza, sasa kwa nini ilikwama kwake? Nikamjibu kila fundi anajua, mshikaji akilegeza mkono bastola inakwama. Inataka kitu kigumu nyuma yake cha kusukumia. Mkono ukiwa laini, nguvu inapotelea mkononi.

"Mkono wako ulilegea, mkwe," nikamwambia. "Hofu hulegeza. Si kosa kubwa, lakini ndiyo hivyo."

Mkwe akasema aliishika kama siku zote. Alisema mara moja tu. Aliniangalia, sikuona hasira, aliniangalia kama mtu anayesoma kibao cha barabarani akiwa mbali. Bosi akasema anasikitika, akamwomba aache kofia, mkanda na kitambulisho mpaka barua itakapotoka. Kofia hana, ilichukuliwa na maji. Akaacha mkanda na kitambulisho juu ya jiliwa langu.

Nyumbani ameniwekea chai, sukari kama ninavyopenda.

Tarehe 30

Mvua. Mkwe yuko nyumbani. Mwanangu kapiga simu, walizungumza nje. Baadaye akanipa mimi simu, mwanangu akasema shikamoo baba, halafu akasema haya.

Tarehe 31

Mkwe kanifunga kifungo asubuhi.

Tarehe 1, mwezi mpya

Nilisema ukweli. Nauandika hapa. Bastola ilipiga mbele ya macho ya watu.

Tarehe 2

Hakuna.

Tarehe 3

Sajini karudi. Nimechoka lakini naandika, naandika kwa zamu, mkono wa kulia ukikataa natumia wa kushoto, ndiyo maana hapa herufi zinalala.

Aliingia chumbani bila utani. Hiyo peke yake ilinitia shaka. Akasema nimesikia ya mkweo, lete ile bastola. Nikamwambia ni nzima. Akasema lete nzima yako. Akachukua na nyingine kwenye rafu, ambayo ilikuwa bado sijaitibu, akatoka nazo mpaka uwanja wa shabaha nyuma ya ukuta. Mvua ilikuwa ya kawaida tu. Akaziweka mbili juu ya ukuta mfupi, wazi, tukasimama chini ya bati. Nikamuuliza tunangoja nini? Akasema tunangoja zilowe, kama ilivyolowa kiunoni kwa mkweo.

Nikasema kwangu bastola hailowi. Akasema ndiyo, kwako hailowi.

Tulikaa muda mrefu. Alinisimulia habari za tawi kule, kwamba wana mbwa mlinzi anayeogopa radi. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshaanza kujua, nadhani, kama unavyojua jino litauma kabla halijauma.

Akachukua kwanza ile isiyotibiwa. Ikapiga mpaka mwisho. Maganda yakaruka, chuma kikafunga. Akachukua ya mkwe. Risasi moja ikalia, ganda likaruka, chuma cha juu kikarudi nusu kikasimama. Risasi ya pili nusu ndani, nusu nje. Vilevile alivyosimulia mkwe jikoni. Akaigonga kwa kiganja ikafunga, akapiga, ikasimama tena.

Akaifungua palepale juu ya ukuta. Akatoa springi, akaiweka karibu na ile nyingine. Ya mkwe ilikuwa fupi, imekatwa, ncha bado ina alama ya koleo langu. Ilikuwa haina nguvu ya kurudisha chuma kikiwa na maji na mchanga. Chumbani kwangu, kavu, ina mafuta ya leo, inajitahidi. Mvuani haiwezi.

Sajini hakuniuliza nani kakata. Aliuliza kwa nini. Nikamwambia maganda yalikuwa yanasimama. Akasema mkononi kwa nani? Nikasema mkononi. Akasema kwangu yaliruka, kwa mkweo mwaka wote yaliruka. Mkononi kwa nani, mzee mwenzangu?

Akanyoosha mkono wake wa kulia kama anayetaka kusalimiana, nikaupokea.

"Nibane," akasema.

"Nimekubana."

"Nibane kwa nguvu zako."

"Nimekubana, Sajini."

Akaniangalia. Mvua ilikuwa inamwingia kwenye kola na hakujisogeza.

"Bado hujaanza kunibana," akasema.

Nikaangalia chini. Vidole vyangu vilikuwa vimelala juu ya mkono wake kama kitambaa. Mimi ndani nilikuwa nimebana kwa meno.

Hakucheka. Miaka yote nilisema huyu mtu hana kitu ila mdomo. Leo alikuwa na kitu cha kunisema mpaka tufe, mbele ya watu, kila siku, na hakukisema. Alinisaidia kukusanya maganda, akaniachia niyabebe mwenyewe. Akasema kwa Bosi utakwenda wewe au niende mimi. Nikasema mtu asiguse kazi yangu.

Tarehe 4

Sikwenda. Nilikaa chumbani mlango nimefunga. Niliwaza maneno mengi mazuri ya kumwambia Bosi, ya springi, ya shehena, ya unyevu. Ningeweza kubadilisha springi zote kimya kimya, nani angejua? Sajini ningemwomba asiseme. Mkwe angeondoka kazini kwa neno langu, na bastola zingekuwa nzima, na mkono wangu ungebaki mkono wangu.

Nimerudi nyumbani. Mkwe alikuwa anaanika nguo za wajukuu wangu ndani, kamba kutoka dirishani mpaka kwenye kabati la marehemu. Akainua nguo nipite chini. Nikapita.

Tarehe 5

Nimekwenda. Sikukaa kwenye kiti. Nikamwambia Bosi bastola nne zisirudi kwa walinzi mpaka zibadilishwe springi, nimezikata mimi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nilizikata zilingane na mkono wangu, na mkono wangu umekufa. Mwanamke hakulegea. Aliyelegea ndiye aliyetoa hukumu.

Akaanza polepole yake, mzee wangu. Nikamwambia usinibembeleze, andika. Akaandika. Nikavua ufunguo shingoni. Uzi ulikwama kwenye sikio, akanisaidia kuutoa. Hakuniambia niondoke, hakuniambia nibaki. Nikamwambia springi za bastola hizo nitaziweka mimi mwenyewe kabla sijatoka, kwa mkono wa kushoto, hata ikichukua siku nzima.

Ilichukua siku nzima.

Tarehe 7

Mvua zinapungua. Mkwe kaitwa kazini kuchukua mkanda wake. Sheria yangu nimeibadilisha, nimemwambia Bosi, na fundi mpya atakayekuja ataikuta: bastola haitoki chumbani mpaka imalize magazini mkononi kwa yule atakayeibeba, na kabla ya hapo ikae kwenye ndoo ya maji.

Basi tulikwenda uwanja wa shabaha, mkwe, Sajini na mimi. Mkwe akaitoa bastola yake kwenye ndoo, akaikung'uta. Nilisimama kulia kwake, karibu mno, Sajini akanionya nisogee, nikamwambia mimi nilikuwa nasimama hapa wewe ukiwa unanyolewa na mama yako. Sikusogea. Nilitaka kuyaona maganda.

Mkwe akapiga. Mkono wake haukutikisika. Maganda yakaruka dirishani moja baada ya jingine, yanamulika kidogo, yanaanguka kwenye majani. Chuma kikafunga kila mara. Nikawa nayafuata kwa macho. La mwisho lilikuja upande wangu, sikuona lilipoangukia.

Nilinusa kwanza. Harufu ya vinyweleo vya mkono vinavyoungua. Nikawaza nani anachoma kitu mvua ikiwa bado haijakatika. Mkwe ndiye aliyegeuka akaona. Ganda lilikuwa limelala juu ya mkono wangu wa kulia, kati ya kidole gumba na kifundo, moto, na mimi nimesimama nalo kama nimewekewa shilingi. Akalipangusa kwa kidole chake, akaungua yeye, akanishika mkono akauingiza wote kwenye ile ndoo ya maji. Ngozi ilikuwa imeshafanya doa jekundu.

Sajini aligeuka akaangalia ukuta.

Mkwe alikuwa ameshika mkono wangu ndani ya maji kwa mikono yake miwili, kwa nguvu, naona vidole vyake vimekuwa vyeupe. Akaniuliza, "Baba, inauma?"

Sikusikia kitu pale mkononi. Hata kidogo.

Nikamwambia, "Inauma, mwanangu. Inauma sana."

Akasema najua, baba. Hakuuachia mkono. Kesho tunakwenda hospitali, yeye ana zamu ya mchana, kasema atanifunga vifungo mapema.